Sweta la Mkwe

Watu wa mtaa ule walipotaka kucheka bila sababu, walipita mbele ya dirisha la mama mmoja mfumaji kiangazi, jua likiwa utosini. Kila mtu kavua alichoweza kuvua, mbwa kalala chini ya gari ulimi nje, na yeye yuko palepale kwenye kiti chake cha mbao, bonge la uzi wa sufu mapajani, anafuma sweta.

"Mama, joto lote hili?"

"Ngojeni kipupwe," aliwajibu bila kuinua macho. "Mtanililia hapahapa dirishani."

Na walimlilia kweli. Baridi ilipoingia, haohao waliocheka walikuja wakijikunyata, huyu anataka kofia ya mtoto, yule soksi za mama yake mgonjwa, na wote wanazitaka leo, kana kwamba soksi zinachumwa. Aliwaangalia tu. Mwaka wake ulikwenda kinyume na wa watu wengine: kiangazi alifuma vya baridi, masika alifuma vya watoto maana watoto huzaliwa bila kuuliza hali ya hewa, na kipupwe chenyewe alipumzika, akakaa anahesabu migongo ya wapita njia iliyovaa kazi yake. Hayo ndiyo yalikuwa mashamba yake.

Mtaani walimwita Fumua. Si kwamba hakujua kufuma, la! Kwa kufuma hakuwa na mpinzani. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa. Akiona kosa, hata kosa ambalo wewe na mimi tungelitafuta kwa kurunzi, alichomoa sindano, akashika ncha ya uzi, akavuta. Trrr! Kazi ya wiki nzima inageuka rundo la uzi uliojikunja kama nywele zilizofumuliwa misuko. Ukimlalamikia anakuuliza, "Ungependa utembee nalo hivyo?" Ungesema ndiyo, lakini hakuwa anakuuliza ili umjibu.

Mumewe, fundi redio aliyefanya kazi zake barazani, alikuwa na neno lake juu ya jambo hili, na alilisema kila mwaka kama jipya. "Mimi nikifungua redio ya mtu, mwisho naifunga. Mke wangu akifunga, mwisho anafungua." Wateja walicheka. Fumua hakucheka, ila hakukasirika pia. Ndoa yao ilikuwa imeshavuka umri wa kukasirikiana kwa vitu vidogo.

Alikuwa na sharti lake pia. Hakumwambia mtu kwamba anamfumia. Kamwe. "Nikishakwambia, utaanza kuniulizia. Na mimi nikiulizwa mkono unakuwa mzito." Kwa hiyo zawadi zake ziliwaangukia watu ghafla. Unarudi kazini, umechoka, unakuta kitu kimekunjwa juu ya kitanda chako, basi. Ukienda kushukuru unamkuta anamenya viazi, anakwambia usimzibie mwanga.

Nyumbani mwake kila mtu alikuwa na lake. La fundi redio lilikuwa la kahawia, lina mfuko wa pembeni wa bisibisi, na mfuko huo ulivutika mpaka karibu na goti. La binti yake, kitindamimba aliyefundisha watoto wa shule ya awali, lilikuwa na shingo ndefu ya kukunja, maana huyo binti tangu utotoni alipenda kuficha kidevu. La mwanawe wa kiume, fundi wa idara ya maji, lilikuwa limeshaliwa viwiko na kutiwa viraka, na bado halivuliwi. Hata mwuza maziwa alikuwa na kofia. Nasema hata mwuza maziwa, mtu anayechanganya maji humo, naye alipewa kofia!

Aliyekosa ni mmoja tu. Mkwe.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia, ingawa hakuna aliyeyasema kwa sauti.

Mkwe aliolewa akaja kukaa na mumewe katika vyumba viwili vya uani. Msichana mrefu, mpole, anayecheka polepole kana kwamba anaonja kwanza. Fumua alimpenda tangu siku ya kwanza. Alimpenda hasa, kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Tatizo lilikuwa kazi ya huyo msichana. Alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha nguo. Kazi yake, kutwa kucha, ni kugeuza nguo ndani nje na kutafuta makosa.

Siku alipoletwa kutambulishwa, aliketi kwenye kochi, akakuta mto wenye foronya ya kufumwa. Huku anajibu maswali ya baba mkwe kwa adabu zote, mikono yake ikaigeuza ile foronya ndani nje, ikapapasa mshono wa juu, wa pembeni, wa chini, ikairudisha kama ilivyokuwa. Sidhani hata alijua anafanya nini. Lakini Fumua aliona. Tangu siku hiyo, mwanamke ambaye hakuwahi kumwogopa mteja alianza kumwogopa mtoto wa kumzaa.

Siku chache baada ya harusi alinunua uzi wa zambarau, ile iliyoiva mpaka inakaribia weusi, sufu nzuri kuliko zote dukani. Alipanga sweta lenye misokoto mgongoni, ile mistari iliyosukwa kama kamba inayopanda kutoka kiunoni mpaka shingoni. Misokoto ni kazi ya roho mkononi: kila baada ya safu kadhaa unavusha vitanzi juu ya vitanzi, na vyote lazima vielekee upande mmoja. Alifuma kiangazi kizima. Karibu na kipupwe akapima mikono, akaona wa kushoto unazidi wa kulia kwa upana wa ukucha. Akavuta uzi.

Mwaka wa pili alifika mbali zaidi. Sweta liliisha, kasoro shingo. Bahati mbaya siku hiyo mkwe alisahau nyumbani ufunguo wa kabati lake la kazini, Fumua akampelekea kiwandani. Mlinzi akamruhusu mpaka kwenye mlango wa chumba cha ukaguzi. Kilikuwa chumba kirefu, taa nyeupe zinaning'inia chini kabisa juu ya meza, hata kivuli cha kidole hakuna pa kujificha. Mkwe alisimama mwisho wa meza. Shati linakuja, anageuza, anapapasa, anageuza. Linalofaa linakwenda kulia. Lisilofaa linabandikwa kibandiko chekundu na kutupwa kapuni. Hakukunja uso, hakusikitika, alikuwa kama mtu anayechambua mchele. Kapu lilikuwa limejaa.

Fumua alimwachia mlinzi ufunguo, akageuka. Alipofika nyumbani alilitandaza sweta kitandani, akawasha taa mchana, akaliangalia kwa macho aliyoyaazima kule kiwandani. Kila kitanzi kikawa na kasoro. Kabla chakula cha jioni hakijaiva, halikuwepo tena.

"Limekukosea nini?" fundi redio aliuliza, kasimama mlangoni na waya begani.

"Usiniulize."

"Sawa, siulizi. Ila masikini lile, lilikuwa linakaribia kupumua."

Uzi uliofumuliwa haufumwi vilevile. Unaufua, unautundika na kitu kizito ujinyooshe, kisha unahitaji mtu wa kuushika mikononi wakati unauviringa upya. Siku hiyo binti hakuwepo. Aliyekuwepo ni mkwe. Akaitwa, akaja, akaketi kwenye kigoda mbele ya mama mkwe, mikono mbele, ule uzi wa zambarau umemzunguka viganja, naye anayumbisha mikono kushoto kulia ili usikwame. Walizungumza habari za bei ya sabuni. Fumua alitamani kusema. Neno lilifika kwenye meno likarudi. Mkwe naye aliutazama uzi, akamtazama mama mkwe, akasema tu, "Rangi nzuri hii, mama." Fumua akasema, "Ehe, si mbaya."

Jamani! Mngekuwepo mngewazaba wote wawili.

Mwaka wa tatu sitausimulia. Alifuma, akafumua, na safari hiyo hata sababu hakuwa nayo.

Basi kiangazi kilichofuata ikaja barua ya uhamisho wa mwanawe. Idara ya maji inampeleka mji mwingine, mbali, nyanda za juu, kwenye baridi ya mwaka mzima. Nyumba nzima ikaingia katika pilikapilika za kufunga mizigo. Na katikati ya pilikapilika hizo, binti akamfuata mama yake jikoni, akafunga mlango kwa kisigino.

"Mama, unajua wifi anasemaje?"

"Anasemaje?"

"Anasema yeye humu ndani ni mpangaji. Anasema sisi wote tuna sweta, yeye ana chumba."

Fumua aliendelea kukatakata vitunguu.

"Mwaka wa kwanza alikuona na ule uzi wa zambarau, akajisemea, hili langu. Baridi ikaja, sweta halipo. Mwaka wa pili vilevile, tena siku ile ukamshikisha uzi! Anasema ulikuwa unawafumia watu wengine. Sasa ameacha hata kuangalia. Hana kinyongo, ila anaondoka na hilo neno moyoni, mama. Na mimi wifi yangu nampenda."

"Watu wengine gani? Nimempa nani mimi?"

"Najuaje? Kwani masweta yale yalikwenda wapi?"

Kisu cha Fumua kikasimama. Binti akamtazama, akatazama vitunguu, akamtazama tena. Kisha akaweka mkono mdomoni. "Mama! Yalikuwa ya wifi?"

"Ukifungua domo lako mimi na wewe basi."

"Lakini mama, kwa nini usimwambie tu?"

"Nimwambie nini? Kwamba nimefuma miaka yote nimeshindwa? Nenda kaanue nguo."

Binti akaenda kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka. Fumua alibaki na machozi, na safari hii si yote yalikuwa ya kitunguu. Ilimuuma. Ilimuuma kwamba mtoto yule amekaa chini ya paa lake akijihesabu mgeni, na aliyemfanya mgeni ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake iliyokuwa inajaribu kumfanya mwana. Akaona kwamba wakiondoka hivi, hakuna barua wala simu itakayolirudisha hili nyuma. Mtu akishajiona mpangaji huwa anahama kabisa.

Alianza jioni ileile. Kazi ya miezi ikatakiwa kuisha kabla ya gari la mizigo kuja. Sindano zilitembea asubuhi akichota maji, yaani ndoo inajaa huku anafuma; zilitembea wakati wa kula, fundi redio akamsogezea sahani kama mgonjwa. Joto lilikuwa la kuivisha mayai. Uzi wenyewe ulikuwa umechoka sasa, umekonda mahali pengine, una manyoya mahali pengine, nao ukikwaruza vidole vyenye jasho.

"Pumzika kidogo," fundi redio alimwambia.

"Nitapumzika wakishaondoka."

Siku moja kabla ya safari, asubuhi, lilikwisha kufumwa. Alilitandaza kitandani kifudifudi ili ashone mikono, akarudi nyuma hatua moja kulitazama, kama kawaida yake. Na hapo akaliona.

Katikati ya mgongo. Misokoto yote ilielekea kulia, safi, imepanda kama ngazi. Mmoja ulielekea kushoto. Lazima aliufuma kwenye mwanga mbaya, au siku ile jirani alipokuja kuaga na maneno mengi. Kosa la wazi, si lile la upana wa ukucha. Hata mwuza maziwa angeliona. Na kulitoa ilibidi afumue kuanzia shingoni mpaka pale, mgongo mzima ule.

Aliketi kando ya kitanda, akashika tama. Nje uani alisikia sauti ya mkwe akigawa ndoo na mafagio kwa majirani, anawaambia wachukue tu, huko tuendako tutapata vingine. Mkono wa Fumua ukaenda wenyewe kwenye ncha ya uzi. Ukavuta. Vitanzi vya kwanza vikaachia, tik, tik, tik, kwa utiifu, kama vilivyozoea.

Akasimama hapo.

Nawaambia, kwa mwanamke yule kusimama hapo kulikuwa kazi kubwa kuliko sweta lenyewe. Aliona haya kama mtu aliyeambiwa apite sokoni na kitenge kimeachia. Alijua litakwenda wapi lile sweta: mikononi mwa mtu ambaye hula kwa kutafuta makosa. Akaokota vitanzi vyake kimoja kimoja, akavirudisha kwenye sindano, akafunga shingo, akashona mikono. Akakata uzi kwa meno.

Alasiri akavuka ua. Hakulifunga kwenye kitu. Mkwe alikuwa amekaa juu ya sanduku lililofungwa kamba, katikati ya chumba kisichobakiwa na kitu isipokuwa misumari ukutani.

"Mwanangu, chukua."

"Nini hiki, mama?"

"Si unaona? Sweta."

Mkwe aliona rangi. Mikono yake ikabaki magotini. "La nani?"

"La nani tena! Nikuletee wewe halafu liwe la jirani?"

Mkwe hakucheka. Alilipokea kwa mikono miwili, akalishika kama kitu ambacho mwenyewe atakuja kukichukua sasa hivi. "Mama, nikuulize. Lile la mwaka wa kwanza, la rangi hii. Ulimpa nani?"

"Sikumpa mtu. Nililifumua."

"Na la mwaka wa pili?"

"Nililifumua."

"Na—"

"Nalo nililifumua, mwanangu, usinimalize! Hakuna masweta mengine. Ni hilohilo. Ni uzi uleule tangu ulipoingia nyumba hii. Kila nikifika mwisho naona halikufai."

Mkwe aliliweka mapajani, akatazama viganja vyake. "Ule uzi niliokushikia mikononi…"

"Ulikuwa wako."

Nje kuna mtu aliburuta meza. Mkwe akainamisha kichwa, na mikono yake, bila kutumwa, ikaanza kazi yake. Ikaligeuza sweta ndani nje. Fumua akatazama dirishani, ingawa dirishani hakukuwa na kitu. Alisikia vidole vikipita kwenye mshono wa bega, wa kwapa, wa ubavu. Vikafika mgongoni. Vikasimama.

"Mama."

"Naam."

"Hapa msokoto umegeuka."

"Najua."

"Ulipaona lini?"

"Leo asubuhi."

Mkwe akainua uso. Alikuwa ameyafahamu yote sasa, na alimjua mama mkwe wake ni mtu wa namna gani. "Umepaona asubuhi," alisema polepole, "na hukulifumua?"

"Ningelifumua ungeondoka bila."

Basi mkwe akalia. Si kilio cha adabu cha kuagana, hapana. Alilia mdomo wazi, kamasi na yote, uso ameufukia ndani ya ile sufu, na Fumua akasimama pale hajui mikono aiweke wapi, mwisho akaiweka juu ya kichwa cha yule mtoto. Akamwambia asililoweshe, halijafuliwa. Mkwe akacheka humohumo ndani ya kilio. Wakabaki hivyo mpaka fundi redio alipokuja kuuliza kamba nyingine iko wapi, akawaona, akarudi zake kinyumenyume.

Kesho yake gari la mizigo lilifika jua limeshapanda. Majirani walisimama njiani kuaga, kila mtu anajipepea kwa alichonacho, gazeti, mfuniko wa sufuria, khanga. Mwanawe alikuwa na fulana tu, imelowa. Kisha mkwe akatoka nyumbani. Alikuwa amelivaa.

"Wewe!" mumewe akashtuka. "Unaumwa?"

"Siumwi. Pakia mizigo."

"Joto lote hili?"

"Pakia mizigo, baba."

Mtaa ukaangua kicheko. Mkwe hakujali, aliwaaga mmoja mmoja, akamkumbatia wifi yake, akampa baba mkwe mkono, na kila aliyemkaribia aliona jasho linavyomtiririka kwenye mashavu mpaka kidevuni. Kwa mama mkwe alikaa zaidi. Kisha akageuka, akashika mlango wa gari, akaanza kupanda kwenye kiti cha mbele, na mgongo wake wote ukabaki wazi mbele ya watu, mchana kweupe, misokoto yote inaelekea kulia na mmoja kushoto.

Fumua aliuona. Alijua kila mtu anauona. Mdomo ulimfunguka amwambie avue, angalau mpaka wafike kwenye baridi.

Akaufunga, akainua mkono, akapunga.